Majina ya Samaki Hayathibitishi Udugu

Katika soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba, hoja ya kwamba Wajaluo na Waganda ni ndugu wa damu haikosi mtetezi. Ushahidi wake ni samaki. Sangara kwa Mjaluo ni mbuta, kwa Mganda ni mputa. Sato kwa wote wawili ni ngege. Mtu akisikia hivyo anaona mambo yamekwisha, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Lakini sangara hakuwemo katika Ziwa Victoria zamani. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina lake basi haliwezi kuwa urithi wa babu mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Limepita kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, pamoja na samaki mwenyewe. Wanaisimu wanaopanga lugha katika familia huanza kwa kuyaweka kando maneno ya aina hii: majina ya bidhaa, ya vyakula vya kigeni, ya dini, ya vitu vya sokoni. Hayo hukopwa kila siku. Wao hutafuta maneno ambayo mtoto huyapata kwa mama yake kabla hajajua njia ya sokoni: viungo vya mwili, hesabu za mwanzo, mimi na wewe, kula, kufa, maji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Baba yangu ni Msukuma wa Magu, mama yangu Mkerewe wa Nansio, na nyumba inayopakana na yetu ni ya Wajaluo waliotoka Shirati. Kwa hiyo jambo hili nimelisikia kwa masikio kabla ya kulisoma vitabuni. Chukua jicho tu. Msukuma anasema liso, Mhaya eliisho, Mganda eriiso, nasi jicho. Mjaluo anasema wang', na ukivuka mpaka hadi kaskazini mwa Uganda, Mwacholi naye anasema wang. Nenda Mbulu kwa Wairaqw utasikia ila, na Msomali, aliye mbali nao kabisa, husema il. Neno moja tu, na tayari makundi matatu yameanza kujitenga: Kibantu, Kiniloti na Kikushi.

Neno moja halitoshi, kwa sababu sadfa ipo. Kinachomshawishi mwanaisimu ni sauti zinazobadilika kwa utaratibu ule ule, neno baada ya neno. Sisi tunasema kupa, Mhaya na Mnyoro wanasema kuha. Sisi pembe, wao ihembe. Kiambishi chetu cha mahali ni pa-, chao ni ha-. Palipo na p kwetu, kwao pana h. Watu hawakai kikao wakakubaliana kugeuza p zote kuwa h. Mabadiliko hayo hutokea polepole katika vinywa vya jamii moja, kisha watoto na wajukuu wanayarithi. Vivyo hivyo Msukuma hasemi tatu, anasema datu. Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezini, ndiye aliyegundua kanuni iliyo nyuma ya hilo, na mpaka leo inaitwa Kanuni ya Dahl: t au k ikifuatiwa na silabi nyingine yenye sauti ya aina hiyo, ile ya kwanza inakuwa nzito, t inageuka d na k inageuka g. Wakikuyu wanayo pia, ndiyo sababu wenyewe huita lugha yao Gikuyu.

Jambo la pili ni sarufi, na hapa ndipo Kiswahili chenyewe huponea. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniambia Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Namwambia ahesabu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, kweli. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi zimetoka kwa Wabantu wa kale, na Msukuma bado anayo itandatu kwa sita. Kisha namwambia aangalie mtu na watu. Kisukuma ni munhu na banhu, Kihaya ni omuntu na abantu. Ngeli hazikopwi kirahisi. Lugha inaweza kujaza maneno ya watu wengine mpaka pomoni, na mifupa yake ikabaki ile ile. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Kusini katika karne ya 19, alilipa kundi hili jina la Bantu kutokana na neno hilohilo la watu.

Sasa nirudi kwa mama. Ukerewe iko pua na mdomo na Usukumani, na Wakerewe wengi wanajua Kisukuma. Ungetegemea Kikerewe kiwe ndugu wa karibu wa Kisukuma. Sivyo. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda mwaka 1948, alikipa Kisukuma anwani F21 na Kikerewe E24. Herufi za Guthrie ni za jiografia zaidi kuliko za ukoo, hivyo waliokuja baadaye walizirekebisha, wakazitoa lugha za maziwa makuu na kuzipa herufi yao, J. Leo Kikerewe kinahesabiwa katika kundi liitwalo Rutara, pamoja na Kihaya, Kizinza, Kinyambo, Kinyankore na Kinyoro. Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1998 juu ya njeo za kundi hilo, akionyesha jinsi vitenzi vyao vinavyorudi kwenye mzizi mmoja. Mama hakusoma tasnifu hiyo, lakini aliposhuka Bukoba kutoka kwenye meli alielewana na wauza ndizi bila mkalimani. Na kisiwa cha Ukara, kilicho katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, kina lugha iliyo karibu zaidi na Kijita cha upande wa Musoma. Visiwa viwili jirani, matawi mawili tofauti ya Kibantu. Mimi naona hilo ni moja ya mambo mazuri kabisa ya ziwa letu, na inanisikitisha kwamba vijana wa Nansio hawafundishwi.

Baada ya kufahamu njia hii ndipo unapoona mahali inapokwama. Vitabu vya shule vinasema Tanzania ina makundi manne: Bantu, Niloti, Kushi na Khoisan. Hilo la nne lilitiwa nguvu na Joseph Greenberg, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1963. Aliwaweka Wahadza wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Chemba pamoja na watu wa Botswana na Namibia, na alama kubwa iliyowaunganisha ni vidoko, zile sauti za kubofya ulimi. Lakini vidoko hukopwa. Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu zilizovipata kwa majirani. Ukiondoa vidoko na kutafuta sauti zinazolingana kwa utaratibu, Kisandawe kinaonyesha dalili kidogo za udugu na lugha za Kikhoe za kusini, ambazo bado zinachunguzwa. Kihadza hakionyeshi lolote lenye nguvu. Wataalamu wengi leo wanakiorodhesha peke yake, lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Mwaka 1971 Greenberg huyohuyo alijaribu jambo kubwa zaidi upande wa pili wa dunia. Kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani vina lugha zipatazo 800 zinazoitwa za Kipapua, na jina hilo maana yake ni kwamba si za familia ya Austronesia, basi. Yeye alizikusanya karibu zote, akaongeza na za visiwa vya Andaman na Tasmania, akasema ni familia moja. Wenzake wengi walimkatalia. Stephen Wurm na wenzake walikuwa wakijenga familia ya Trans-New Guinea kwa vipande, na baadaye Malcolm Ross alizipanga upya lugha hizo kwa kulinganisha viwakilishi vya mimi, wewe na yeye, kwa sababu viwakilishi hukopwa kwa nadra. Matokeo yake ni makumi ya familia, na lugha kadhaa zilizobaki peke yao.

Somo hilo linatuhusu hata hapa kwetu. Wahadza, ambao ni kama watu elfu moja, ni majirani wa Wasukuma wa Meatu. Wanafunzi wangu wanaotoka huko wanawajua kwa sura. Katika mtihani bado wanalazimika kuandika kwamba Kihadza ni cha Khoisan, nami nawaelekeza waandike hivyo ili wapate alama. Wanaoandaa mitaala wanaweza kuurekebisha mstari huo mmoja: waandike Kihadza kwa jina lake, na Kisandawe kwa jina lake, na waeleze kwa nini.