Vinyonga: tundu rahisi, soko gumu

MTAJI wa kufuga vinyonga ni mdogo kuliko wa kuku wa mayai. Mbao chache, misumari, wavu na mti mmoja wa kwenye chungu, na seremala wa Kalangalala, mjini Geita, anamaliza tundu kwa siku moja. Kikwazo cha biashara hii kiko uwanja wa ndege.

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza vinyonga hai kwa wingi Marekani, Ulaya na Japani, kwa vibali vya mkataba wa kimataifa wa CITES. Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania, na mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai wote, vinyonga wakiwamo. Juni 2022 ilitangazwa kuwa wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama wangeruhusiwa kuwauza nje kwa miezi sita, lakini ruhusa hiyo ilisitishwa mara moja kabla haijamnufaisha mtu. Aliyekuwa amelisha wanyama wake miaka sita akisubiri anajua hasara hiyo inavyouma.

Bei ndiyo inayowashawishi watu. Januari 2021 maofisa wa forodha wa Vienna, Austria, walitangaza kukamata vinyonga 74 kutoka Usambara, waliofichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Thamani yao ilikadiriwa kuwa Euro 37,000, yaani Euro 500 kwa kila mmoja. Hiyo ni bei ya Ulaya. Mtoto anayemshusha kinyonga mtini hapati hata sehemu ndogo yake.

Kwa upande wa ufugaji wenyewe, Geita ina unafuu. Mfugaji wa Ujerumani hununua taa maalumu ya mionzi na kulipia umeme ili mifupa ya kinyonga isilainike. Hapa, nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, jua ni la bure. Tundu liwe la wavu pande zote ili hewa ipite, lisiwe la kioo, na liwe refu kuliko upana, kama mita moja kwenda juu. Nusu yake iwe na kivuli. Kinyonga hanywi kwenye bakuli; hulamba matone juu ya majani, hivyo kopo lililotobolewa kwa sindano na kuning'inizwa juu ya mti linatosha. Madume mawili wasiwekwe tundu moja.

Kinyonga wa kawaida wa maeneo haya, mwenye vikunjo vya ngozi shingoni, hutaga mayai kati ya 25 na 50 kwa mkupuo mmoja. Jike akianza kushuka chini na kuchimbachimba, apewe udongo wenye unyevu wa kina cha shubiri moja na nusu. Akikosa pa kutagia anaweza kufa na mayai tumboni. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, pengine karibu mwaka mzima, na mtaji wa mfugaji hukaa humo humo.

Kazi kubwa huja yakianguliwa. Vitoto huwa na urefu wa sentimita tano hivi, mkia ukiwamo, na hula kila siku inzi wadogo wanaofuata ndizi mbivu, kisha nyenje wachanga walionyunyiziwa unga wa kalsiamu. Wavu uwe wa matundu madogo kama wa chandarua. Maji yakikosekana siku moja tu ya jua kali, wengi hufa. Wakirundikana, wanyonge hawali.

Wapo wanaomwogopa kinyonga kama nyoka, ingawa hana sumu. Woga huo haujapunguza ushindani. Kenya ilifunga mauzo ya kinyonga wake wa pembe tatu mwaka 1981, lakini waliopelekwa Hawaii mwaka 1972 walikuwa wamekwisha kuzaliana porini, na wanunuzi wa Marekani wakampata bila kupitia Nairobi. Kinyonga wa Yemen naye huzalishwa kwa wingi na wafugaji wa huko huko Marekani na Ulaya.

Mwenye gramu chache za dhahabu ana pa kuuzia tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019. Mwenye vinyonga aanzie ofisi ya wanyamapori, kwa kuwa kumfungia mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2009, hata kama tundu ni zuri na vitoto vyote vimepona.