Sindano ya Ujana Iwe Mikononi mwa Nani?

Umezuka katika miji yetu mtindo wa wanaume kuchotwa damu mkononi na kurudishiwa usoni. Haufanywi kwa siri. Zahanati za urembo za Dar es Salaam na Nairobi huutangaza waziwazi, na ahadi yake ni kwamba mtu mzima wa miaka hamsini ataondokewa na makunyanzi, mashimo ya chunusi yatajaa, na ngozi itaurudia wororo wa ujana. Sisi hatuna ugomvi na mwanamume anayependa kupendeza. Hapa Visiwani bwana harusi husingwa kwa liwa na hakuna anayemcheka. Neno letu la leo linahusu sindano, na linawaelekea wakuu wenye dhamana ya afya kabla ya kumwelekea mtanashati.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mteja huchotwa damu kidogo, kiasi cha kijazo cha mirija miwili mitatu ya maabara. Damu hiyo huwekwa katika mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, ile ile inayoonekana katika maabara za hospitali zetu. Chembe nyekundu, kwa kuwa ni nzito, huzama chini. Juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano yaitwayo plazma, yakiwa na chembe sahani nyingi. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu mtu anapojikata, nazo hubeba vichocheo vinavyoamsha mwili kujenga nyama mpya mahali palipojeruhiwa. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Katika plazma iliyotayarishwa vyema huongezeka mara tatu hadi tano. Plazma hiyo hudungwa usoni, au hupakwa baada ya ngozi kutobolewa tobolewa kwa visindano vidogo.

Elimu hii si ya waganga wa vichochoroni. Wataalamu wa damu waliijua tangu miaka ya 1970, na katika miaka ya 1990 madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya waliitumia kuharakisha kupona kwa mifupa. Usoni ilifika baadaye, ikabebwa zaidi na watu mashuhuri wa Marekani kuliko na majarida ya utabibu. Utafiti uliofanywa juu ya makunyanzi ni mdogo mdogo, na kila daktari huitayarisha plazma kwa namna yake, hata inakuwa vigumu kulinganisha matokeo. Huko huko Marekani, mashine za kuitayarisha ziliruhusiwa kwa ajili ya kuchanganywa na vipandikizi vya mifupa, uso haukutajwa.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza, je, Bumbuli imeingiaje katika habari hii? Bumbuli iko katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, mahali pa chai na ukungu, wala hakuna apandaye barabara ya Soni kwenda kutafuta urembo. Lakini hapo pana hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na pana mafunzo ya maafisa tabibu. Kijana anayesomea kazi hiyo hukaa darasani na wodini miaka mitatu kabla ya kupewa stashahada. Hufundishwa kunawa mikono, kutafuta mshipa, kuandika jina la mgonjwa juu ya kila mrija wa damu, na kuitumbukiza sindano iliyotumika katika boksi maalumu, lisilojazwa kupita robo tatu, kisha likateketezwa kwa moto. Akikosea jina juu ya mrija hukemewa mbele ya wenzake, na ni haki akemewe. Sasa tumlinganishe kijana huyo na mtu wa saluni aliyehudhuria mafunzo ya siku mbili, akapewa cheti chenye utepe, naye anachota damu ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kati ya hawa wawili, aliye mlimani anahudumia wakulima, naye ndiye aliyewekewa masharti.

Watetezi wa mtindo huu hujibu kwamba damu ni ya mteja mwenyewe, hivyo haiwezi kumdhuru. Hoja hiyo ina nguvu mradi mrija usichanganywe na mwingine na sindano isirudiwe. Mwaka 2018, huko Albuquerque katika jimbo la New Mexico, maofisa wa afya waliingia katika nyumba moja ya urembo isiyokuwa na leseni. Walikuta mirija ya damu isiyo na majina, mingine ikiwa ndani ya jokofu pamoja na vyakula. Nyumba ilifungwa mwaka huo huo. Taarifa iliyotolewa na serikali ya Marekani mwezi Aprili 2024 ilieleza kwamba wateja watatu waliambukizwa humo virusi vya UKIMWI. Walikwenda kutafuta uso laini. Nasi tusisahau homa ya ini aina ya B, ambayo imeenea katika nchi zetu, na ambayo virusi vyake huweza kuishi juu ya meza kavu kwa siku saba au zaidi.

Mwanamume wa kwetu ana hatari nyingine isiyotajwa sana. Ndevu zetu ni za kujikunja. Zikinyolewa sana, ncha hurudi ndani ya ngozi zikaleta vipele. Kuutoboa uso wenye vipele vya namna hiyo ni kueneza uchafu. Tena ngozi nyeusi ni nyepesi kuota makovu yanayovimba, na mtu mwenye kovu la aina hiyo begani au kifuani hana sababu ya kulijaribu shavuni. Mtaalamu wa ngozi angemwuliza habari hizo kwanza. Wataalamu hao wapo: Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na huko hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Jua ndilo mzeeshaji mkubwa wa uso, nalo huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda milima. Mchuma chai wa Bumbuli aliyevaa kofia pana anaulinda uso wake kwa gharama ndogo mno.

Turudi kwa wakuu. Sheria tunazo. Bara ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, Zanzibar ikafuata mwaka 2006, na wakaguzi wamekamata shehena nyingi za mikorogo yenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini mkorogo una kopo, na kopo lina jina. Plazma hutayarishwa palepale na kwisha palepale. Haina kopo wala namba ya usajili. Tangu mwaka 2019 vipodozi vya Bara viko chini ya Shirika la Viwango, na dawa na vifaa tiba viko chini ya mamlaka nyingine. Tunahofu mkaguzi wa vipodozi atasema hii ni tiba, na mkaguzi wa tiba atasema huu ni urembo. Kwa maoni yetu jambo hili halihitaji kamati. Kuchota damu ya binadamu ni kazi ya utabibu, iwe imefanywa wodini Bumbuli au katika chumba cha hoteli ya kitalii hapa Unguja, na anayeifanya aonyeshe leseni yake ya utabibu. Asiyekuwa nayo afungiwe mlango siku hiyo hiyo, na kabla ya kuondoka mkaguzi aulize boksi la sindano zilizotumika liko wapi, na jana lilipelekwa kuchomwa wapi.