CHOO KISICHOTUMIA MAJI NA MATUNZO YAKE

Kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973 kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, ilifanya vyoo vingi vya shimo vichimbwe vijijini. Choo cha shimo hufaa mahali penye udongo mkavu wenye kina. Lakini katika sehemu nyingi za pwani na visiwani ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na penginepo maji hupatikana baada ya kuchimba mita chache tu. Hapo uchafu wa shimoni waweza kufika kisimani, hata kama mwenye choo na mwenye kisima hawajuani.

Kwa mahali kama hapo kuna choo ambacho hakichimbwi wala hakimwagiwi maji. Hujengwa juu ya ardhi, kikiwa na chemba mbili zilizotenganishwa kwa ukuta. Chemba moja hutumiwa, nyingine hufungwa na kuachwa. Mpango huu wa chemba mbili ulienezwa Vietnam ya Kaskazini tangu miaka ya 1950.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mkojo na kinyesi havichanganywi. Kwa wastani mtu mzima hutoa kadiri ya lita 500 za mkojo kwa mwaka, na lita 50 tu za kinyesi. Familia ya watu sita, basi, hujaza lita 300 za kinyesi. Na kwa kuwa kinyesi hunywea kinapokauka, chemba yenye urefu wa mita 1, upana wa mita 0.8 na kimo cha mita 0.8 huwatosha kwa mwaka mzima, pamoja na majivu. Wangeacha mkojo uingie, lita 3,000 zingeongezeka. Zaidi ya hayo, bakteria huivunja yurea iliyomo katika mkojo ikawa amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayofahamika na kila mtu. Kwa hiyo kikalio hutengenezwa chenye kinga ya mbele, inayopeleka mkojo katika dumu kwa bomba. Wanaochamba kwa maji huwekewa mahali pa kando, na maji hayo huelekezwa kwenye kitanda cha mchanga na mimea, wala si chembani.

Kila baada ya haja, kinyesi hufunikwa. Hufunikwa kwa nini? Hapa watu wengi huchanganya njia mbili. Majivu hukausha na kuongeza ualikali, hali ambayo vijidudu vya magonjwa haviipendi; lakini haviipendi pia vile viumbe vidogo vinavyotengeneza mboji. Anayetaka mboji ya kweli hutumia zaidi majani makavu, pumba au unga wa mbao, maana viumbe hivyo huhitaji kadiri ya sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, hali kinyesi kina kadiri ya 8 tu. Pia huhitaji hewa, na unyevu kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa. Kwa nyumba ya kawaida majivu ni rahisi zaidi, maana kosa lake ni dogo: chemba ikikauka mno haidhuru, lakini ikilowa huoza bila hewa, ikanuka na kuzaa funza. Dawa ya chemba iliyolowa ni kuongeza majivu makavu na kutafuta maji yanakoingilia.

Bomba la hewa, lenye kipenyo cha milimita 100 au zaidi, hupanda hadi juu ya paa. Upepo unaopita kinywani mwake huvuta hewa kutoka chembani. Nzi aliyemo ndani hufuata mwanga, hupanda bombani, akazuiwa na wavu uliofungwa juu. Wavu ukitoboka hubadilishwa mara moja.

Lililo zito kuliko yote ni muda. Mayai ya minyoo ya askarisi yana ganda gumu na huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hata miaka. Joto la nyuzi 50 na zaidi huyaua upesi, lakini chemba ndogo ya nyumbani aghalabu haifikii joto hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka 1 mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35. Vietnam imeonyesha ugumu wa jambo hili: wakulima wengi walifungua chemba mapema, kwa sababu msimu wa kupanda haukuwangoja. Hivyo tarehe ya kufunga huandikwa mlangoni pa chemba, na tangu siku hiyo hakitiwi kinyesi kipya. Kutonuka si kipimo, kwani kinyesi huacha kunuka kitambo kabla mayai hayajafa.

Baada ya muda huo, mboji huzikwa katika mashimo ya migomba au miti ya matunda, si kutandazwa juu ya mchicha. Anayeichota huvaa viatu na kunawa kwa sabuni. Mkojo wa dumuni, wenye sehemu kubwa ya naitrojeni yote, huchanganywa na maji angalau mara tatu ya kiasi chake, humwagwa kwenye udongo pembeni mwa shina bila kugusa majani, kisha hufukiwa ili amonia isipotelee hewani.