Mikro na spika za mkutano wa video

Katika mazungumzo moja kati ya familia za wahamiwa walioko Wamaza na viongozi wa kijiji walikotoka, upande wa Salamabila, mzee mmoja alisema kwenye simu: "Hatutarudi kabla ya mavuno." Upande wa pili wakasikia: "Tutarudi kabla ya mavuno." Waliokuwa wanalima mashamba yale wakaanza kulalamika, na ilituchukua saa nzima kuwatuliza watu. Silabi moja tu, "ha", ilikuwa imepotea.

Haikuwa kosa la mzee. Alikaa mbali na simu, na programu za simu hujaribu kuondoa kelele; sauti ndogo huhesabiwa kuwa kelele, hivyo mwanzo wa neno hukatika. Na katika Kiswahili chetu, kukataa kunakaa pale mwanzoni.

Kwa hiyo, ndugu viongozi, kabla ya kuuliza bei ya vyombo, ulizeni: mdomo uko mbali kiasi gani na mikro? Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo. Simu juu ya meza inatosha watu watatu au wanne. Wakiwa ishirini chini ya mwembe, walio nyuma, na mara nyingi ni akina mama, hawasikiki. Wa upande wa pili wanafikiri wamekubali.

Kwa kundi kama hilo tunapendelea mikro ya mkononi inayosikia mbele tu, kama ile ya kwaya. Inayosikia pande zote inafaa chumba kimya. Ishikwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, na asiyeishika asiseme. Tazameni pia ncha ya waya: ile ya simu ina pete tatu za kutenganisha. Yenye pungufu huhitaji kiunganishi, na simu nyingi mpya hazina tundu hilo kabisa. Jaribuni na simu yenyewe hapo dukani.

Spika iwekwe mbele ya watu, mgongo wa mikro ukiielekea, la sivyo itapiga mluzi. Spika ya Bluetooth ina mtego: mara nyingi simu huacha mikro yenu na kutumia ile iliyo ndani ya spika. Megafoni ibaki kwa matangazo.

Umeme nao uhesabiwe. Spika inayokula wati 20 kwa saa 3 inahitaji wati-saa 60. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ina 84, lakini isitumiwe kupita nusu, yaani 42. Haitoshi; leteni mbili.

Mtandao ukidhoofika, zimeni picha, bakizeni sauti. Mvua ikipiga mabati, simamisheni mkutano, kwani hakuna mikro inayoishinda.

Siku hizi tunawaomba wasemaji waanze na "hapana" wanapokataa: "Hapana, hatutarudi." Na kabla ya kuandika makubaliano, upande wa pili hurudia kwa maneno yao walichosikia.