Gari Lioshwe Wapi: Uani kwa Ndoo au Barabarani kwa Pampu?

Ifikapo asubuhi ya Jumamosi, mitaa ya Mombasa hujaa sauti mbili. Ya kwanza ni ya ndoo iburutwayo uani na kitambaa kikamuliwacho: ni baba na wanawe wameanza kuliosha gari la nyumbani. Ya pili ni mngurumo wa pampu kando ya barabara, ambako vijana waliovaa viatu vya mpira huyapokea magari moja baada ya jingine. Baina ya sauti hizi mbili pana ubishi usiokwisha majumbani. Kuna asemaye kwamba kumlipa mtu akuoshee gari ilhali una mikono ni kutupa fedha. Kuna naye ajibuye kwamba kuosha gari nyumbani ni kupoteza asubuhi nzima na maji ya watu. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja kuna analolisahau. Makala haya yanakusudia kuziweka hoja zote mizanini, ili kila familia iamue kwa kujua.

Gari la Pwani lina adui wake

Kwanza tufahamu kwamba gari linaloishi Pwani halifanani na gari la bara. Hewa yetu imechanganyika na chumvi ya bahari. Chumvi hiyo hutua juu ya bati bila kuonekana, huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi huharakisha kutu kuliko unyevu mtupu. Kutu haianzi pale tunapopatazama. Huanza ndani ya madigadi, chini ya milango, kwenye mishono ya bati na chini ya gari, ambako matope na chumvi hujificha pamoja. Avukaye Likoni kila siku kwa feri, na aegeshaye karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi, gari lake hupata fungu kubwa zaidi la chumvi hiyo.

Juu ya chumvi kuna maadui wengine. Kinyesi cha kunguru, ndege waliotujalia kelele na uchafu mjini, kina ukali unaoila rangi, hasa kikikaukia juani. Utomvu wa mwembe hufanya vivyo hivyo. Na aliyesafiri hadi Voi na kurudi hujua jinsi vumbi jekundu linavyoingia katika kila upenyo.

Tukumbuke pia kwamba magari mengi tunayoyaendesha yalinunuliwa yakiwa yameshatumika. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Kwa hivyo rangi ya gari hilo imeshaonja jua na mvua kabla ya kushuka bandarini Kilindini. Tabaka la juu linaloipa rangi mng'ao ni jembamba kuliko unywele wa kichwa, na likishachakaa halirudi kwa kuoshwa.

Ndiyo maana kuosha gari hapa kwetu si pambo, bali ni hifadhi ya mali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati likishatoboka, ujira wa fundi wa bodi na mpiga rangi hupita mbali gharama ya kuosha. Kwa mwenye gari la kwenda kazini hiyo ni hasara. Kwa mwenye tuktuk ni zaidi ya hasara, kwani siku ambayo chombo kimelala gereji ni siku ambayo nyumbani hakupelekwi posho.

Hesabu ya maji

Hoja nzito kuliko zote katika mji huu ni maji. Maji ya mfereji tunayoyatumia Mombasa hayatoki Mombasa. Hutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Hutoka Marere na Tiwi, kaunti ya Kwale. Yafikapo mjini huwa hayatoshi, na zipo nyumba ambazo hukaa siku nyingi zikingoja mfereji, zikinunua maji ya mitungi kwa wenye mikokoteni. Mtungi mmoja ni lita 20, na kila mama wa nyumba anajua bei yake.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mtu anaweza kuithibitisha mwenyewe. Chukua ndoo ya lita 20, fungua mpira wa maji, na uhesabu sekunde hadi ndoo ijae. Ikijaa kwa sekunde 80, mpira wako unatoa lita 15 kwa dakika. Ukiuacha utiririke kwa dakika 20 wakati unasugua, umemwaga lita 300, yaani mitungi 15. Hayo ni maji ambayo jirani yako angeyanunua kwa mkokoteni na kuyatumia siku kadhaa kupikia, kunywa na kuogeshea watoto.

Aoshaye kwa ndoo, akapanga kazi yake vyema, humaliza gari dogo kwa ndoo 3, yaani lita 60. Ama pampu ya mkandamizo, watu wengi huidhania kuwa ndiyo mharibifu kwa sababu ya kishindo chake, lakini dhana hiyo haina uhakika. Mashine ndogo ya aina hiyo hutoa lita 6 hadi 8 kwa dakika, na zile kubwa za biashara hutoa zaidi. Ikifungwa kila mara kijana anaposugua, gari hutakata kwa maji machache kuliko ya mpira ulioachwa wazi. Kwa hivyo kinachoharibu maji si mahali pa kuoshea wala chombo cha kuoshea. Ni maji kuachwa yakitiririka pasipo kazi.

Jambo hili lina uzito wake katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi cha kujaa viganja viwili, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Ikiwa ibada yenyewe ina kipimo, sembuse chombo cha kupanda.

Mkono wa nyumbani

Kuosha nyumbani kuna faida ambazo fedha hainunui. Mwenye gari hulijua gari lake. Anapopitisha mkono juu ya bati huona mchubuko ungali mdogo, hugundua tairi lililoanza kupasuka ubavuni, huona tone la mafuta chini ya injini kabla halijawa balaa njiani. Watoto nao, wavulana kwa wasichana, hujifunza kwamba kitu cha thamani hutunzwa, na kwamba kazi ya mikono si aibu. Saa moja ya namna hiyo na mzazi ni darasa.

Lakini mkono wa nyumbani unaweza kuharibu kuliko chumvi. Kosa la kwanza ni kupiga kitambaa juu ya gari kavu lenye vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko rangi, na kitambaa huziburuta juu yake kama msasa. Mistari midogo ya mviringo inayoonekana juani kwenye magari mengi imetokana na hilo. La pili ni sabuni. Sabuni ya unga na ya kuoshea vyombo zimetengenezwa kuondoa mafuta, nazo huondoa pia nta inayoilinda rangi. Sabuni laini iliyotengenezwa kwa magari ndiyo ifaayo, na kiasi kidogo hutosha.

La tatu ni maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Kuoshea gari maji hayo ni kulirudishia kile ulichokusudia kukiondoa. Ikiwa hapana budi, yatumike kuondolea matope, kisha suuzo la mwisho liwe la maji matamu. La nne ni jua. Gari lililooshwa saa sita mchana hukauka kabla ya kufutwa, na kila tone huacha doa la madini. Kivuli cha asubuhi au cha alasiri ndicho chema.

Utaratibu mwema ni huu. Tenga ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Mwagia gari maji kwanza, vumbi lishuke lenyewe. Anza na paa, kisha vioo, boneti na milango. Sehemu za chini ziwe za mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chao peke yake. Kila ukimaliza upande, suuza kitambaa katika ndoo ya pili kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mwisho, suuza gari zima kwa ndoo ya tatu na ulifute kwa kitambaa laini kikavu. Fungua milango na ufute kingo zake za chini, kwani huko kuna vitundu vya kutolea maji, navyo vikizibwa na uchafu, kutu huanzia ndani.

Pampu ya barabarani

Penye upungufu wa mkono wa nyumbani ndipo penye nguvu ya kituo cha kuoshea magari. Hakuna ndoo inayofika ndani ya madigadi na chini ya gari kama pampu inavyofika. Baada ya safari ya matope ya masika, au baada ya kupita mahali palipojaa maji ya bahari, gari lastahili kuinuliwa na kusafishwa tumbo lake. Viti na mazulia yaliyoloa jasho na mchanga wa ufuoni nayo yanahitaji mashine ya kufyonza vumbi ambayo nyumba nyingi hazina.

Ila si kila kituo ni cha kuaminiwa. Tazama kitambaa chao kabla hujakabidhi ufunguo. Kitambaa kilichoanguka chini, au kilichotoka kusugua matairi ya gari la mbele yako, hubeba mchanga wa magari yote yaliyotangulia. Pampu isisogezwe karibu mno. Umbali wa mkono mmoja ni salama, lakini ncha ikisogea sana yaweza kuinua rangi iliyokwisha kuchubuka na kudhuru ubavu wa tairi. Omba injini isipigwe maji ya nguvu, kwani magari ya siku hizi yana nyaya na vifaa vya umeme vingi ambavyo maji yakiviingia, gari hukataa kuwaka. Kataa kupakwa mafuta ya taa chini ya gari, maana huharibu mipira. Dawa nyingine za kung'arishia rimu zina asidi, ziulizie. Diski za breki zikiwa bado moto, zisimwagiwe maji baridi. Ukiondoka, kanyaga breki taratibu mara mbili tatu zipate kukauka. Na kabla ya hayo yote, ondoa vitu vya thamani, hati zako, na mushafu ulioko juu ya dashibodi.

Vijana wanaofanya kazi hii nao wana haki. Aghalabu hulipwa kwa idadi ya magari, na siku ya mvua huenda wakarudi mikono mitupu. Mikono yao hukaa ndani ya sabuni na miguu ndani ya maji kutwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mlipe ulichokubaliana naye papo hapo, usimpunguzie baada ya kazi kwa kisingizio cha doa moja. Mwenye kituo naye awape glavu na viatu. Shilingi inayotoka kwako kwa njia hiyo haijatupwa, imeingia katika nyumba nyingine.

Maji machafu yaenda wapi?

Swali hili ni wachache wanaoliuliza. Maji yatokayo kwenye gari hubeba mafuta, grisi, sabuni na vumbi la breki. Uani yakimwagika, hupita mlangoni kwa jirani au hunywea ardhini, na ardhi hiyohiyo ndiyo yenye visima vyetu. Barabarani yakimwagika, huingia mtaroni, na mitaro ya mvua ya kisiwa hiki huteremka hori ya Tudor, Kilindini au bahari kuu, waliko samaki wetu. Katika miji mingi ya Ujerumani mtu haruhusiwi kuosha gari mbele ya nyumba yake kwa sababu hii hii. Kwetu, kanuni za ubora wa maji zinasimamia umwagaji wa maji machafu, na wenye vituo wanapaswa kuzifuata. Kituo chenye sakafu ya saruji na shimo la kutenganishia mafuta kabla maji hayajatoka ndicho cha kupendelewa, hata kikizidi bei kidogo. Nyumbani, osha mahali ambapo maji hayatampitia jirani wala kukaribia kisima.

Mizani ya mwisho

Tukiyakusanya haya, jibu si moja kati ya mawili bali ni mgawanyo wa kazi. Gari la Pwani lifutwe chumvi kwa ndoo nyumbani mara moja kwa wiki, na kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilichoroweshwa. Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya matope mengi, lipelekwe kwa pampu lisafishwe chini. Mara mbili au tatu kwa mwaka lipakwe nta. Familia ambayo wiki hiyo haina maji ya kutosha isione haya kuliacha gari na vumbi, kwani vumbi lenyewe haliozeshi bati kwa siku saba, na maji ya kunywa hutangulia.

Ama mpira uliofunguliwa na kuachwa ukitiririka juu ya sakafu huku mwenyewe akizungumza na simu, huo haufai nyumbani wala barabarani. Atakayeufunga wikiendi hii atakuwa ameokoa mitungi, na pengine mtoto wa jirani hatalazimika kuifuata kisimani.