Fedha Iliyobaki Kisiwani

Msomaji akimaliza riwaya ya jasura huku maswali yamemjaa kichwani, hukumu yake ya kwanza huwa kali: mwandishi kasahau, ama kachoka. Kwetu hukumu hiyo ina mizizi. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alitulea na Bwana Msa, mpelelezi ambaye mwisho wa kisa hulifumbua fumbo hatua kwa hatua hadi kila kilichotutatiza kipate maelezo. Ni kipimo cha haki kwa riwaya ya upelelezi, maana riwaya ya namna hiyo imeahidi jibu tangu maiti ilipookotwa. Riwaya ya jasura yenye mafumbo ndani yake haiahidi hivyo kila mara. Nashikilia kwamba uzi ulioachwa wazi ni kosa pale tu hadithi ilipouegemea kisha ikautupa. Pale ambapo kuufunga kungeilazimisha hadithi iseme isichokiamini, kuuacha wazi ni ufundi.

Chukua Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883 baada ya kuchapwa kwa mfululizo katika jarida la vijana, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipokea zama za ukoloni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Ramani ya haramia Kapteni Flint inataja maficho matatu: hazina kuu, mikuo ya fedha upande wa kaskazini, na silaha zilizofukiwa kwenye kilima cha mchanga. Hazina kuu inapatikana, kwa kuwa Ben Gunn, haramia aliyetelekezwa kisiwani, alikwisha kuichimbua na kuihamishia pangoni kwake. Fedha na silaha haziguswi. Meli inang'oa nanga, kitabu kinakwisha, na mikuo ile imelala pale pale. Je, ni usahaulifu? Rudi kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya. Msimulizi, Jim Hawkins, anasema atasimulia kila kitu isipokuwa mahali kisiwa kilipo, na sababu yake ni kwamba ipo hazina ambayo bado haijachukuliwa. Jambo lililotangazwa mlangoni halikusahauliwa uani. Na tazama linavyofanya kazi mwishoni, Jim anapoapa kwamba hakuna nguvu itakayomrudisha mahali pale, na kwamba bado anamsikia kasuku wa maharamia katika ndoto zake mbaya. Lau hazina yote ingekuwa imebebwa, kiapo hicho kingekuwa chepesi: nani hurudi pasipo na kitu? Kwa kuwa fedha ipo, na Jim anajua ilipo, tunapata kipimo cha hofu yake. Ungeifukua ile fedha katika sura ya mwisho ungemfanya Jim tajiri zaidi, na maneno yake yangepoteza uzito.

Ndivyo ilivyo kwa Long John Silver, haramia wa mguu mmoja, na hapa suala ni gumu zaidi kwa sababu linagusa haki. Mtu huyu alimrushia gongo mgongoni baharia aliyekataa kujiunga na uasi, kisha akamrukia na kumchoma kisu, huku Jim akiona kutoka mafichoni. Mtu huyo huyo alisimama baina ya Jim na maharamia waliotaka kumuua. Mwishoni anatoroka katika bandari moja ya Amerika ya Kihispania akiwa na mfuko mmoja wa sarafu, na hasikiki tena. Stevenson angeweza kumtia kitanzi, na kitabu kingekuwa kimetamka kwamba ule wema haukuwa na thamani. Angeweza kumtuza, na damu ya yule baharia ingekuwa imesamehewa kwa niaba yetu. Jim mwenyewe hajaamua anamwonaje Silver. Hadithi anayoisimulia Jim isingeweza kuamua zaidi yake.

Atatokea mtu aseme kwamba kwa hoja hii kila mwandishi mvivu amepata pa kujificha: aache mambo nusunusu, kisha adai alikusudia. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba makusudi huacha alama ndani ya kitabu, kama hiyo sentensi ya kwanza. Mwingine atasema mwandishi aliacha mlango wazi ili auze kitabu cha pili. Hapo historia inasaidia. Stevenson aliishi hadi 1894 bila kuandika mwendelezo wa Treasure Island, ilhali aliujua ufundi wa mwendelezo: Kidnapped ya 1886 aliifuatishia Catriona mwaka 1893. Na hata huko kuna fumbo aliloliacha. Kidnapped imejengwa juu ya mauaji ya kweli, ya Colin Campbell, aliyepigwa risasi huko Appin, Scotland, mwaka 1752. James Stewart alinyongwa kwa mauaji hayo, lakini aliyefyatua risasi hakuthibitika. David Balfour, msimulizi wa Kidnapped, anamwona kwa mbali mtu mwenye bunduki, koti jeusi na vifungo vya chuma, basi. Vitabu viwili vinapita na jina halitajwi. Kulitunga jina kungekuwa kumzushia hatia mtu aliyewahi kuishi.

Hata hivyo kipimo hiki hakimwokoi Stevenson kila mahali. Black Dog, haramia aliyepungukiwa vidole viwili, ndiye anayeanzisha hatari katika sura za mwanzo. Jim anamkuta tena Bristol, ndani ya baa ya Silver mwenyewe. Black Dog anatoka mbio, na hatumwoni tena. Tukio hilo lina faida yake, kwani linaonyesha jinsi Silver anavyojua kujifanya hamjui. Lakini riwaya ilitufundisha kumwogopa Black Dog, na ikatuonyesha kwamba anajua mengi. Hakuna sentensi, mwanzoni wala mwishoni, inayoashiria kwamba kutoweka kwake kulipimwa. Huo ni uzi uliokatika, na sioni namna ya kuutetea.