Meka Mbili Mezani: Kumfundisha Mtoto Historia ya Duka (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita niliahidi kueleza namna ya kumfundisha mtoto wa miaka saba jinsi maduka yalivyobadilika. Niliiona kazi nyepesi, mpaka nilipoketi nyuma ya darasa la pili huku Kasomeno, pale njia itokayo Lubumbashi inapogawanyika, moja ikielekea Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine Pweto. Mwalimu alikuwa na picha tatu: soko chini ya mti, duka la mlango mmoja, na jumba la vioo lenye vigari vya kusukuma. Akazibandika ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, sisi tuko kwenye picha gani?"

Mwalimu alicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Nje ya shule hiyo mama anauza unga juu ya meza ya mbao, na mteja akikosa franka mkononi anamlipa kwa simu. Picha ya kwanza na ya tatu zimekaa chini ya mwembe mmoja. Picha zile zimechorwa kwa ajili ya nchi ambayo duka lilipanda ngazi moja baada ya nyingine. La kwetu lilipanda, likaanguka, likarudi kuketi mlangoni mwa nyumba.

Mimi ningeanza na mkono wa maiti. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi ya watu waliozikwa na misalaba midogo ya shaba, mingine ikiwa karibu na mikono yao. Kadiri makaburi yanavyokuwa ya karibuni, ndivyo misalaba inavyokuwa midogo na kufanana. Mpe mtoto udongo wa mfinyanzi afinyange msalaba mmoja mkubwa na kumi midogo, kisha muulize ni upi wa kununulia mbuzi na upi wa chumvi. Atajibu bila kufundishwa. Kitu kikubwa ni cha mahari na heshima. Kikishakuwa kidogo, kimoja sawa na kingine, watu wamekwishaanza kununua vitu vya kila siku. Soko lilikuwapo hapa karne nyingi kabla reli haijafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Kisha ikaja posho, na hapa ndipo vitabu vya shule vinaporuka. Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, iliwagawia wafanyakazi wake na familia zao unga, maharage, mafuta, samaki na chumvi. Ni duka gani hilo, lisilo na bei wala mnunuzi? Siku ile mwalimu alikuwa amemwalika kambo mmoja, mzee aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi hao. Alisimama mbele ya watoto akaonyesha kwa mikono: mfuko wa mama yake ulivyofunguliwa, unga ulivyomwagwa, jina lilivyoitwa. Ukubwa wa familia ndio ulioamua uzito. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika juu ya familia hizo kitabu kilichotoka mwaka 2001. Kwa Kifaransa jina la kitabu linawaita Bana Shaba, watoto walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni.

Nje ya kambi kulikuwa na duka la kaunta. Mwenyewe alikuwa Mgiriki, Mreno, Mwitaliano au Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Samaki wa Luapula walitoka Kasenga mikononi mwa Wagiriki, wakapita njia yetu hii kwenda mjini. Watoto wa Kasomeno wanapaswa kuambiwa hilo kabla ya kuonyeshwa vigari vya kusukuma. Kwenye kaunta, bidhaa ziko nyuma ya muuzaji. Unataja unachotaka, yeye anashusha, anapima, anafunga kwenye karatasi. Acheze mtoto mmoja muuzaji na mwingine mteja asiyeruhusiwa kugusa kitu, na darasa litaelewa kaunta ilikuwa ukuta wa namna gani.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa biashara za wageni ziende kwa Wazaire, yaani wananchi. Wengi waliopewa maduka hawakuwahi kuagiza hata gunia moja la sukari; walimaliza kilichokuwa rafuni, na rafu ikabaki tupu. Uporaji wa maduka wa 1991 ulimalizia yaliyobaki. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5, na wafanyabiashara wakaikataa. Mueleze mtoto hivi: pesa ilikuwa na sifuri nyingi kuliko alizojifunza kuhesabu, na bado haikununua mkate.

Hapo ndipo mama alipotoa meza nje. Na hapa ningetumia saa nzima, kwa sababu kifaa cha somo kiko jikoni kwa kila mtoto. Mwalimu alete meka mbili, vyombo vya kupimia unga, zinazofanana kwa nje, moja ikiwa imegongwa kwa nyundo mpaka kitako kikaingia ndani. Mtoto ajaze unga, asawazishe kwa kijiti, amwage, apime tena kwa kikombe cha chai. Darasa lile lilipiga kelele vikombe vilipopungua. Msichana mmoja akasema ndiyo maana mama yake huipindua meka kwanza na kuipapasa chini, halafu ndipo huomba matabishi, ule mkono wa unga wa juu. Katika muda wote wa posho na kaunta, mizani ilikuwa upande wa anayetoa, na anayepokea hakuipindua.

Simu, ambayo imekuwa ikipokea malipo nchini mwetu Kongo tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2012, haikuwasumbua watoto hata kidogo. Kwao ni ya kale kama mwembe.

Kambo alikuwa anafunga kitenge chake aondoke, yule wa dawati la mbele akanyoosha kidole tena: "Kambo, kama posho ilikuwa ya bure, kwa nini iliisha?" Kambo akamtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi. Nimeomba juma moja.